Usiwashe Treni ya Mezani

Mama watoto, usiwashe treni yangu ya kuchezea ya mezani, waya umeungua. Chai imo kwenye chupa.

Asubuhi niliunga ile reli inayozunguka na kuirudisha treni ilikotoka. Kipande hicho lazima kikatwe pande zote mbili, la sivyo chanya na hasi za umeme zinagongana. Nimefunga umeme nyumba za watu miaka thelathini, hilo nalijua kama jina langu. Leo nilisahau kukata. Moshi ulipofuka, dada yako, aliyepita kusalimia, akapiga kelele: "Shemeji, zima!" Kidole changu kilikuwa juu ya swichi niliyoifunga mwenyewe, nami sikujua ni ya nini.

Nilimuaga kwamba nakwenda kununua waya. Nimekwenda hospitali. Naogopa, mke wangu. ~~Usinifuate.~~ Nifuate.

Baba watoto