Nilisoma Karatasi ya Kwanza Tu

Ijumaa, mwezi wa saba. Runyenjes.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Karatasi zimenyonya unyevu na printa inakwama kila mara. Wateja ni wachache, kwa hivyo nimepata muda mrefu wa kukaa na aibu yangu. Nyinyi mnaonisoma hapa mmezoea niwachekeshe na vituko vya watu wanaokuja saiba yangu, hii duka ya kompyuta na kuchapisha. Leo kituko ni mimi mwenyewe.

Wacha nianzie mwanzo. Mdogo wangu Wawira ana mchumba anaitwa Munene, kijana wa Kanyakine, upande wa Meru. Zamani alikuwa wa boda boda, sasa anauza spea za pikipiki hapa mjini kwetu. Wazee wake walikuwa waje kesho nyumbani kwa baba kuanza mazungumzo ya mahari. Mama alikuwa ameshaazima sufuria kubwa kwa majirani.

Kwetu, kabla ya wageni wa namna hiyo kufika, familia hutuma mtu wa kuulizia. Si kwa ubaya. Huuliza kama kijana ni mlevi, kama ana mke mahali pengine, kama watu wa kwao wanaishi vizuri na majirani. Safari hii baba alinituma mimi, kwa sababu kuna mtu sokoni alimnong'onezea kwamba Munene aliwahi kubebwa na gari la polisi pamoja na magunia ya kahawa.

Baba ni mkulima wa kahawa. Anaweza kumsamehe mtu mambo mengi, lakini mwizi wa kahawa ya kiwandani hata maji hampi. Akaniambia, "Wewe si ndiye wa kompyuta? Nitafutie ukweli." Mama akasema tu, "Si umuulize kijana mwenyewe?" Mimi nikacheka. Nikamwambia mama kwamba siku hizi mambo hayaulizwi, yanatafutwa.

Hayo maneno yamenirudia siku nzima.

Mimi huwajazia watu maombi ya good conduct, kile cheti cha polisi cha tabia njema, karibu kila siku. Kwa hivyo nilijiona mjuaji. Nikaingia kwenye mtandao nikauliza vile mwananchi anaweza kuona rekodi za watu waliokamatwa kwenye kaunti. Ikafunguka tovuti safi sana, ikaniambia nichague kaunti yangu. Nikatafuta Meru, hakuna. Nikatafuta Embu, kaunti yetu, hakuna. Nilikuja kugutuka ilipoitisha namba ya kadi ya benki. Kaunti zote zilikuwa za Amerika.

Jumatatu nikafunga saiba nikaenda mwenyewe. Ile tovuti ilikuwa bado inanizunguka kichwani, basi nikaanzia kwenye ofisi za kaunti huko Meru. Askari wa getini alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia kwa upole kwamba polisi si wa gavana, ni wa serikali kuu. Nikamshukuru nikaondoka haraka kabla hajaanza kucheka.

Nikashuka mpaka kituo cha polisi cha upande wa kwao Munene. Nikaomba kuona OB, kile kitabu ambacho kila ripoti na kila mtu anayeingizwa seli huandikwa. Afisa aliyekuwa kaunta akaniangalia.

"Madam, OB si gazeti. Aliyepiga ripoti ndiye hupewa namba yake. Wewe ulipiga ripoti?"

Nikasema hapana. Akanieleza bila ukali kwamba ninaweza kumwandikia mkuu wa kituo barua nikaomba habari ninayotaka, halafu ningoje jibu. Kama ninataka rekodi ya mtu ya polisi, huyo mtu mwenyewe ndiye anayeiomba, anapigwa alama za vidole, kisha akipenda ananionyesha. Lakini kama alipelekwa kortini, korti iko wazi kwa kila mtu.

Basi kortini. Kesi za siku hubandikwa ukutani na yeyote anaweza kusoma. Za zamani unaulizia kwa karani wa masijala. Unampa majina na mwaka, unalipa ada kidogo kwa simu, unapewa risiti, unakaa kwenye benchi na kusoma faili mbele yake. Hutoki nayo. Hakuna kujuana wala hongo. Kama umefika hapa ukitafuta njia, hiyo ndiyo njia, na haina shida. Shida ni vile mtu anasoma.

Niliipata. Jina la Munene lilikuwa pale juu, mshtakiwa, majina yote matatu. Kosa: kupatikana na kahawa inayoaminika kuwa ya wizi.

Moyo ulinidunda, na ningependa kusema ulidunda kwa huzuni ya mdogo wangu. La. Nilifurahi. Nilikuwa nimepata kile nilichotumwa, na nilikuwa nimekipata bila kumuuliza mtu.

Faili ilikuwa nene. Karani akaniambia wanafunga kwa chakula cha mchana, nirudi baadaye nimalizie. Nikamwambia hakuna haja. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi na kuandika kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp: "Ni kweli. Alishtakiwa kwa kahawa ya wizi. Nimeona kwa macho yangu."

Kikundi hicho kina wajomba, mashangazi, binamu wa Nairobi na mmoja aliye Qatar. Kina Wawira pia. Sikumpigia kwanza. Nilijiambia kwamba habari ni ya familia nzima.

Jioni hiyo baba akawapigia wazee wa Kanyakine akawaambia wasije. Wawira akatoka kwenye kikundi. Tangu siku hiyo ananipita uani kwa mama kama mtu anayepita mpangaji.

Sasa leo.

Munene ameingia saiba mwendo wa saa nne. Huyu kijana huniita muthoni, yaani shemeji, tangu zamani, nami humtania kwamba angoje kwanza mbuzi wa mahari wafike. Leo amesema, "Habari yako, madam." Amenipa flashi.

"Naomba nakala tatu. Moja ya mzee wako, moja ya wazee wangu. Ya tatu ni yako, uisome mpaka karatasi ya mwisho."

Na printa, vile inakwama, imenilazimu kusoma karatasi moja moja zikitoka, yeye akiwa amekaa mbele yangu kwenye kiti cha wateja. Ilikuwa ile faili ya kortini. Karatasi ya kwanza niliijua. Zilizofuata sikuwa nimezifungua.

Kuna mtu alimkodisha abebe magunia mawili kwa boda. Njiani Munene akaona alama ya kiwanda kwenye gunia. Badala ya kuendelea na safari, akakata kona akaenda moja kwa moja polisi, akapiga ripoti. Wakamweka ndani yeye na pikipiki yake, kwa sababu magunia yalikuwa mikononi mwake. Akashtakiwa. Baadaye mwendesha mashtaka akaiambia korti kwamba ripoti ya kwanza ililetwa na mshtakiwa mwenyewe, mashtaka yakaondolewa, na Munene akawa shahidi. Yule aliyemkodisha ndiye aliyefungwa.

Yote hayo yalikuwa kwenye faili niliyomrudishia karani ili niwahi kuandika ujumbe.

Na ile OB niliyokataliwa? Ripoti ilikuwa yake. Namba yake bado anayo kwenye simu, na amenionyesha bila mimi kuomba. Ningemuuliza, angenionyesha siku yoyote tukinywa chai.

Nimesema samahani. Imetoka sauti ndogo sana. Amesema, "Wawira nilimweleza haya yote kabla hatujaanza mambo ya ndoa. Alikuwa anangoja umuulize."

Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Mtu pekee wa kwetu aliyejua habari yote ni mdogo wangu, ambaye tunaogea naye bafu moja.

Kisha Munene ameniambia kitu kingine. "Nywila yangu ya ile tovuti ya maombi ya serikali si bado iko kwa kompyuta yako? Naomba uifute nikiona."

Nusu ya Runyenjes wameniachia nywila zao kwenye hii kompyuta. Wakisahau wanakuja, wananiambia, "Si wewe unaijua," nami ninawafungulia. Hajawahi kuja mtu kuniomba niifute. Nimeifuta, naye amesimama nyuma yangu akiangalia mpaka jina lake likapotea kwenye skrini. Ameshukuru, amechukua nakala zake mbili, ameenda.

Sijui kama amewahi kunionyesha adabu nyingi hivyo. Imeniuma kuliko kama angenitukana.

Alasiri nimefunga kwa muda nikaenda kwa baba. Munene alikuwa amepita hapo, amemwachia mama nakala bila kukubali hata kukaa. Baba alikuwa anaisoma na miwani, kidole chini ya kila mstari. Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele. Hakupiga makelele.

"Nimewarudisha wageni wa watu kwa mdomo wako," amesema. "Kesho tunaenda Kanyakine. Mimi nitasalimu tu. Yale mengine utasema wewe."

Kwetu, mgeni uliyemzuia njiani humwiti tena kwa simu. Unaenda kwake, unasimama pale ambapo yeye angesimama kwako. Mama anafunga sukari na majani ya chai. Hanisemeshi sana, lakini hajanikumbusha lile swali lake, na kwa hilo ninamshukuru.

Nimeweka kurasa zote kwenye kikundi cha familia, nikaandika kwamba nilikosea na kwamba nilisoma ya kwanza tu. Ule ujumbe wa Jumatatu ulijibiwa na kila mtu, mpaka shangazi ambaye huwa hajui kuchapa. Huu wa leo wameuona wote, na aliyejibu ni binamu wa Qatar peke yake, kwa alama ya kidole gumba.

Ningetaka kusema kwamba nimejifunza. Lakini nilikuwa ninajua. Ni mimi huwatuliza wateja hapa wanaoogopa kuomba kazi kwa sababu waliwahi kulala seli. Huwaambia kukamatwa si kuhukumiwa, wasiwe na wasiwasi. Huwa ninayasema hayo huku nikiwapiga picha ya pasipoti, na nikiyasema ninajisikia mtu mwema.

Je, nikifika kwa mama yake Munene nianze na salamu au nianze na makosa yangu? Nimejaribu kupanga maneno tangu jioni. Kila nikianza najikuta ninaeleza kwanza vile nilitumwa na baba, kisha ninafuta.

Kabla ya kuzima kompyuta, Wawira amenitumia ujumbe, wa kwanza tangu Jumatatu:

"Kesho beba sweta. Kanyakine kuna baridi, na sidhani watakufungulia mlango haraka."

Nimeweka mbili kwenye begi. Labda naye atakuja.