Tumbo la Zimwi na Stoo ya Mangi

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kontena limefika, mabelo ya mitumba yote yameingia stoo. Tumepanga matano kwenda juu. Siku zote ni matatu. Mangi, bosi wetu, kasema nafasi hamna, pandisheni tu. Mgongo unauma.

Tunaobeba ni mimi na Yusufu. Yeye anaongea huku belo liko kichwani. Mimi siongei, ndo maana Kariakoo nzima wananiita Kimya. Leo kasimulia zimwi la bibi yake wa Lindi. Lilimeza kijiji kizima, watu na mbuzi. Mwanamke mmoja aliyebaki akalikata kidole kidogo, wote wakatoka wazima wakacheza ngoma.

Neema, binti wa Mangi, yupo likizo, anakaa kaunta. Yuko kidato cha pili. Kacheka. "Kaka Yusufu, tumboni hamna hewa. Na kuna tindikali. Wangekufa kabla bibi hajamaliza kusimulia."

Yusufu kanuna. Sio utani, kanuna kabisa. Bibi ndo kamlea, na kafa mwaka jana. Nilimwonea huruma. 

Jumatano, 9 Aprili

Yusufu kaja na jibu. Naona hakulala. Anasema zimwi lina matumbo kama ng'ombe. Tumbo la kwanza ni stoo tu, majani yanakaa humo mazima mazima. Tindikali iko mbele huko. Neema kafikiria, kakubali. "Hilo kweli." Yusufu kabeba belo anaimba.

Mchana nikapita kwa muuza utumbo sokoni. Lile tumbo kubwa limejaa beseni, likikunjuliwa nadhani mtoto anaenea. Nilitaka kuuliza, nikashindwa. Nimesimama mpaka mwenyewe kachoka. "Dogo, unanunua au unaposa?" Watu wakacheka. Nikauliza hivyo hivyo, jasho linatoka. Kasema ng'ombe akipasuliwa inatoka gesi inanuka, ukiinamia unapata kizunguzungu.

Kwa hiyo nafasi ipo. Hewa ndo hamna. Labda zimwi liwe limelala mdomo wazi.

Ijumaa, 11 Aprili

Neema kaja na jingine la kupinga. Zimwi kubwa vile haliwezi kusimama. Ukikuza kitu mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito unapanda mara nane. Miguu inapata nguvu mara nne tu. Inavunjika.

Sikuelewa. Walipoenda kula nikaazima maboksi ya biskuti duka la jirani. Nikapanga mawili kila upande. Nane kweli. Yanayogusa chini manne. Kila la chini limebeba mwenzake.

Nikageuka nikaangalia mabelo yetu. La chini limebeba manne. Limekuwa bapa, mikanda imezama kama uzi kwenye maandazi. Maji yanaingia chini ya mlango wa nyuma na belo linayanywa.

Nimerudisha maboksi. Sijapenda nilichoona.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Mangi. Nimeanza mara mbili nikameza mate. "Bosi, chini kumelowa. Mabelo yataanguka." Kasema, "Eh! Kimya kaongea, leo mvua haikati." Halafu kasema baada ya Pasaka tutapanga upya, sasa hivi wateja. Sio mtu mbaya. Anaangalia simu, wateja wa Mwanza wanapiga.

Yusufu kasema basi kapata jibu la mwisho. Zimwi haliwezi kusimama, sawa. Kwani nani kasema lilisimama? Limelala hapa hapa Kariakoo. Lina mlango. Tunaingia wenyewe kila asubuhi.

Neema kacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Jumatano, 16 Aprili

Safu ya nyuma imeegemea. Nimeweka mbao. Mbao imepinda.

Nimemwambia Yusufu tusichukue mzigo kule. Kasema mali ya wateja wa Mwanza iko kule kule. Naogopa.

Alhamisi, 17 Aprili

Rundo limeanguka. 

Nilikuwa nje na mkokoteni. Sauti haikuwa kubwa. Kama mtu kakaa kwenye godoro. Kuingia, safu nzima iko chini na Yusufu hayupo. Halafu nikamsikia, anaita mama yake. Anaita kutoka chini.

Mtaa mzima ukaingia. Makuli, wauza chai, watu wa duka la jirani. Kwa chini ulionekana mkono wake, vidole vinacheza. Wote wakaenda kwenye mkono. "Vuta hilo la chini! Vuta!" Wameshika mikanda, wanahesabu moja, mbili. Mangi yuko magoti, anavuta na yeye, analia Kichaga.

Mimi nikakumbuka yale maboksi ya biskuti. La chini ndo limebeba. Lile belo liko juu ya kifua chake, lakini limeegemea ukuta, na mabelo yote mengine yako juu yake. Ukilitoa, yanamshukia. Pale alipo ana kipembe cha hewa, ndo maana anaita. Nailoni ya mabelo haipitishi hewa. Kipembe kikiziba basi.

Nilimshika Mangi bega. Hakunisikia. Nilisema "acheni" na sauti ikatoka kama ya mgonjwa. Nikapanda juu. Nikashika belo la juu kabisa nikalisukuma, likaanguka upande wa mlango. Kuna aliyenitukana. "We mwehu, mtu yuko chini unacheza juu!" Chini wamevuta tena, rundo zima likashuka kidogo. Yusufu akanyamaza.

Hapo nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi. "JUU! TOENI YA JUU! MSIVUTE CHINI!" Nimerudia mpaka koo limechanika. Neema kaingia katikati, kamng'oa baba yake mikono kwenye mkanda, anapiga kelele na yeye. "Baba, juu! Anasema juu!" Mangi kapanda. Akipanda Mangi wanapanda wote.

Tumetoa moja moja kwa juu. La mwisho tumelinyanyua, hatukulivuta. Alikuwa anapumua. Mguu wa kushoto sijauangalia mara ya pili.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, maduka yamefungwa. Hospitali siku nzima, kwenye benchi na Mangi. Daktari kasema nyama ikibanwa muda ule inakufa, sumu yake inakwenda kwenye figo. Wanataka kukata juu ya goti. Yusufu kakubali mwenyewe, kaweka kidole gumba kwenye karatasi.

 Viatu vya Mangi bado vina tope la stoo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wamekata jana. Figo zinafanya kazi, kasema nesi.

Mangi kaleta mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai, mkewe kapika. Kamlisha Yusufu kwa kijiko. Halafu kasema mbele ya wodi nzima, "Kimya aliniambia." Basi. Yusufu kaniangalia, kamwangalia Mangi, kafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Nilikuwa na hasira na Mangi siku tatu. Leo imebaki nusu.

Neema alikaa mlangoni. Hakuingia. Kaniambia, "Kaka, mimi nilicheka."  Nimekaa naye.

Jumamosi, 26 Aprili

Yusufu kaketi leo. Kakonda. Kasema kule ndani kulikuwa na kona mabelo yalipokutana, hewa inakuja inanuka sabuni za Ulaya. Alikuwa anatusikia wote. Kasema, "Kwa hiyo inawezekana. Mtu anakaa humo." Nikamwambia inawezekana kama kuna uwazi, na kama tumbo halimbani. Kaangalia pale shuka lilipolala bapa.

Kasema bibi hakusimulia hili. Kwenye hadithi wanatoka wanacheza ngoma, wote, hakuna anayebebwa. Anadhani bibi alijua. Aliacha tu, kwa sababu wao walikuwa watoto.

Halafu kaniuliza, "Nani yule alikuwa anapiga kelele juu? Ile sauti sijawahi kuisikia."

Nikamwambia, mimi.

 Kanishika mkono, hakuuachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imekata. Mangi kakodi stoo nyingine nyuma ya msikiti. Nimepanga mabelo mawili mawili, peke yangu. Upande ambao angepanga Yusufu nimeuacha tupu, napanga upande wangu tu.

Neema karudi shule.

Mchana nimekula mle ndani. Mlango niliuacha wazi, nimeuwekea jiwe, hewa iingie.