Alichobeba Yosefu

Lusiani, mdogo wangu,

Ukuta umekwisha. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, usingenisikiliza mpaka nilitaje. Kikanisa cha Butihinda sasa kina picha yako, kubwa, kutoka dirishani hadi madhabahuni, na mkono ulioipaka ni wangu mimi, mchoraji wa mabango ya saluni.

Malaria ilipokuchukua pale Gitega, mama yako mzazi alikuja kutoka kwenu Ufaransa. Akachukua nguo zako na madaftari, akaniachia kile kibao cha rangi ya mafuta, kidogo kama sinia: Maria, Yosefu na mtoto wakirudi kwao kutoka Misri. Uliichagua habari hiyo kwa ajili yetu tuliorudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania. Ulisema kibao ni cha majaribio tu, kazi yenyewe iko ukutani. Siku ile nililia, maana gauni la Maria lilikuwa bado bichi kidoleni, na wewe tulikuwa tumeshakuzika.

Nilifanya ulivyonifundisha. Nilivuta nyuzi juu ya kibao zikafanya miraba midogo, nisikichafue kwa penseli. Ukutani nikapiga miraba mikubwa, nikahamisha mmoja mmoja. Vyote vilihama vizuri, hata punda, ambaye miguu uliikosea nami nimeinyoosha bila ruhusa yako. Nilikwama mgongoni mwa Yosefu. Pale uliacha doa la kahawia, brashi mara tatu, basi. Nilipokuuliza ni mzigo gani, ulinijibu kwa Kiswahili chako cha Muyinga, "Dada, tutaona ku ukuta, polepole." Ukaondoka na jibu lako. Nilikukasirikia wiki mbili nzima. Niliogopa kutia kitu changu ndani ya picha yako nikaiharibu.

Watu walikuwa wakipita kutazama. Mama mmoja Mkongomani anayeuza vitenge akasema, "Ile iko matela, sivyo?" Yeye aliona godoro; mwingine akasema ni mabati. Ndipo Bibi Konsolata, mzee anayesali hapo kikanisani, akasimama mbele ya lile doa la kibaoni mpaka nikaacha kuchanganya rangi. "Huo ni mlango," akasema. "Marehemu mzee wangu aliubeba hivyohivyo kutoka kambini, na nyumba ya kuutia hatukuwa nayo."

Akanipeleka kwake kuuona. Ni mlango wa mninga, mzito, komeo lake ni lilelile la kambini. Nyumba waliijenga baadaye, wakapima ukuta kwa kuufuata mlango. Nikauchora pamoja na komeo. Kama ulikusudia kuni, utanisamehe. Nafasi ya kusema ulikuwa nayo.

Jumapili ya kwanza Bibi Konsolata alikaa upande wa Yosefu, na hajahama mpaka leo. Nina furaha, Lusiani. Sikuitegemea.

Padri aliniomba nikimalizie na kibao, kifanane na ukuta. Nimekataa. Kiko kwangu Musinzira, juu ya meza ya kulia, na doa lako liko vilevile. Nakuahidi brashi yangu haitaligusa. Mgeni akiniuliza Yosefu kabeba nini, namwuliza kwanza yeye alirudi na nini. Kisha nainjika chai, maana najua hatutainuka mapema.

Pumzika, mdogo wangu.

Dada yako,
Evelina