Kitovu cha Bingwa

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu. Mlima Kigali umejifunika, siuoni kutoka dirishani. Nimeshinda ndani na kompyuta, nikitazama tumbo la mwanamume mwingine.

Ngoja nieleze.

Jumamosi Gatera anapanda ulingoni kwa mara ya mwisho. Hajawahi kushindwa tangu aanze ngumi za kulipwa, na mtu wa mwisho aliyemchagua ni Sudi wa Tanga, yule mfupi aliyemsumbua miaka mitano iliyopita. Mji mzima unalizungumzia. Na mimi, kama anavyojua kila anayesoma ukurasa huu, nina ugomvi wa siku nyingi na Gatera. Ni mimi niliyempa jina la Bingwa wa Kwapani.

Jina lilitoka kwenye bukta yake. Tazama pambano lake lolote la ubingwa: kiuno cha bukta kimepita kitovu, kinazitafuta mbavu. Na katika ngumi, kilicho chini ya kiuno cha bukta hakipigwi. Ukiipandisha bukta, unamnyima mwenzako nusu ya tumbo. Nikaandika kwamba huo ni wizi. Mwaka uliofuata nikaandika tena, kwa ukali zaidi, kwa sababu mara ya kwanza watu walipenda. Siku moja pale Nyabugogo nikamsikia mwendesha pikipiki asiyenijua akimtania mwenzake, "Shusha suruali, weye Kwapani!" Nilitembea siku nzima nikiwa mrefu.

Sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja kwa nini bukta ile ilishonwa vile.

Jana nilikwenda Nyamirambo kuchukua suruali kwa Mzee Yunusu. Ameshanishonea miaka kumi na mmoja. Mimi ni Mkristo niliyekulia Tanzania, yeye ni Mwislamu aliyezaliwa mtaa huohuo anaoshonea, na tumebishana juu ya kila kitu isipokuwa vitambaa, ambavyo namwachia. Nilipaswa kwenda leo. Nilikwenda jana kwa sababu nilikuwa nimemaliza makala yangu ya kulitangulia pambano, nikataka mtu wa kumsomea. Ndiyo, makala ya Kwapani tena.

Niliingia nyuma ya pazia, nikavaa, nikatoka.

"Mzee, hii suruali imenifika kifuani."

"Shusha tumbo," akasema, pini mdomoni. "Suruali iache."

"Kila mwaka unanifanyia hivi."

"Na kila mwaka nakwambia. Mwanamume anasitiriwa kuanzia kitovu mpaka magoti. Mimi sishoni chini ya kitovu. Unataka za chini, vuka barabara, vijana pale watakushonea hata nusu suruali."

Maneno hayo nimeyasikia mara kumi na moja. Safari hii niliyasikia macho yangu yakiwa juu ya cherehani yake. Palikuwa na satini ya buluu yenye milia myeupe pembeni. Kiuno chake kilikuwa kipana kama shubiri. Mbele, kwa uzi wa dhahabu, herufi tatu za kwanza za jina: GAT.

Nilibaki nimesimama, nimeishika suruali yangu kwa mkono mmoja isianguke.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Ni ya Gatera."

"Vipimo vya mtu ni amana," akasema. "Kiuno chako sijamwambia mtu, na ungeshukuru."

"Bukta zake zote umeshona wewe?"

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichofunga mkononi. "Zote za ubingwa."

"Na niliyoandika, unayajua?"

"Binti yangu ananisomea. Unaandika vizuri, bwana mwandishi. Umeniita mwizi vizuri sana."

Nimewahi kutukanwa na watu wenye madaraka na nikalala usingizi mzito. Kwa sentensi ile ya Mzee Yunusu nilikesha.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikikaa kwenye kiti chake cha mbao, nikinywa chai yake, nikimfokea Gatera. Na suruali niliyoivaa, ya fundi yuleyule, kwa kanuni ileile, ilikuwa imenifika mbavuni. Ushahidi niliuvaa mwilini. Mtu anayejiita msomaji wa kila kitu hakuweza kuisoma suruali yake.

Ndipo Gatera akaingia, akikung'uta mvua begani. Kwa karibu ni mdogo kuliko nilivyodhani, na sikio lake la kushoto limekunjamana. Alinitazama, akamtazama Mzee, akacheka.

"Karibu, Kwapani," akaniambia mimi.

Nilimpisha bila kubishana. Iandikwe hapa, maana haitokei mara nyingi.

Akavua shati bila kuulizwa, akasimama kwenye mwanga. "Muzee, nina ombi. Hii shusha. Vidole vinne tu."

"Oya," akasema Mzee. Hapana ya Kinyarwanda ni fupi, na ya Mzee ni fupi zaidi.

"Sudi kazi yake iko tumbo. Nikimfungia tumbo, anapigana na nini?"

"Apige kichwa."

"Muzee!"

"Tafuta fundi mwingine, basi. Mimi sitakufa na kitovu cha mtu mikononi mwangu."

Gatera akakaa juu ya marobota ya vitambaa. Akasema polepole, na hakusema nami, alimwambia fundi wake. Pambano la kwanza la ubingwa hakujua kitu, alidhani bukta zote ziko hivyo. Pambano la pili, lile la Sudi, raundi ya kumi, alipigwa konde akakosa pumzi. Mwamuzi akasimamisha, akamkata Sudi pointi kwa kupiga chini. "Nikaangalia. Lilinipata hapa." Akaweka kidole juu ya kitovu, juu kabisa, penye nyama ngumu. "Lilikuwa halali. Nikanyamaza. Mpaka leo nimenyamaza."

Mzee akaninyoshea kidole.

"Kumbe huyu mwandishi alisema kweli," akasema Mzee Yunusu.

"Nusu," akasema Gatera.

Mzee alikasirika, na nadhani alikasirikia kitambaa. Hajawahi kutazama pambano hata moja. Kwake, uso wa mtu haupigwi, kwa hiyo hushona na kufunga macho. Hata aliposomewa makala zangu, hakuamini kwamba kiuno cha bukta ni mpaka. Alidhani ni nguo tu. Aliishika ile satini, akaigeuza huku na huku, akachukua kipande cha chaki, akamwita Gatera kwa kidole.

Akamvalisha bukta juu ya suruali. Akatafuta kitovu kwa dole gumba kupitia kitambaa, mpaka bingwa asiyeshindika akacheka kwa mtekenyo. Pale alipokipata akavuta mstari wa chaki, kuzunguka kiuno chote.

"Nguo itabaki juu. Hiyo ni yangu na Mungu wangu," akasema. "Mpaka utakuwa hapa. Nitaushona kwa uzi, uonekane. Juu ya uzi, akupige. Chini ya uzi, asikupige. Mwamuzi ataelewa?"

"Nitamwonyesha kwenye kikao cha sheria, mbele ya Sudi," akasema Gatera.

"Haya. Rangi?"

Gatera akanigeukia. "Achague yeye. Ndiye aliyelalamika."

Mzee akanisogezea kopo lake la nyuzi. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika suruali, nikaishika kwa kiwiko, nikainama. Nilichukua nyekundu. Hata mtu wa viti vya nyuma ataiona.

Nilitoka pale nikiwa na makala mfukoni isiyosomwa.

Basi leo nimeyarudia mapambano yake kwenye kompyuta, yale makubwa matatu, na safari hii kwa swali badala ya hasira. Ni ajabu jinsi picha ileile inavyobadilika.

La kwanza ni lile alilonyakua ubingwa, dhidi ya Mganda mwenye mikono mirefu. Nililiandikia kurasa mbili juu ya bukta. Leo nimehesabu makonde yaliyofika tumboni kwa Gatera: hakuna. Mganda alikuwa akiwinda kidevu tangu kengele ya kwanza, na raundi ya tatu akakutana na konde la kushoto ambalo hakuliona. Bukta haikufanya kazi yoyote siku ile ila kuloa jasho.

La mwisho kati ya matatu ni lile la mbabe wa Goma, ambapo Gatera alianguka kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nimesahau alivyoinuka. Alishika kamba, akateleza, akashika tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta funguo alizoziweka mahali. Akashinda raundi ya tisa. Makonde yote yalikuwa ya kichwa. Nililiita pambano lile "ushindi wa fundi cherehani." Nililiita hivyo, na fundi cherehani akasomewa na binti yake.

Linabaki la katikati. La Sudi.

Majaji wote watatu walimpa Gatera ushindi wa pointi moja, moja tu. Sudi alikuwa amekatwa mbili, raundi ya nane na raundi ya kumi. Nimesimamisha picha, nimevaa suruali mpya, nimejipima mbele ya kioo kwa futi ya binti yangu ya shule ili nijue kitovu kinajificha wapi chini ya kitambaa. Mke wangu alifungua mlango, akanitazama, akaufunga.

Konde la raundi ya kumi lilikuwa halali. Gatera amesema kweli. La raundi ya nane sijui. Nimelirudisha mpaka mashine ikapata joto. Mgongo wa Sudi unaziba. Jana nilimuuliza Gatera, akasema, "Ya nane? Nilikuwa naumwa kila mahali, nitajuaje?"

Kama lililokuwa halali ni moja tu, walitoka sare. Kama ni yote mawili, Gatera alishindwa usiku ule, kila tulichokishangilia baadaye kilikuwa mali ya mtu wa Tanga, na hayupo duniani mwenye uwezo wa kusema ni lipi. Kwa miaka mitano nimeandika kwa uhakika juu ya jambo ambalo mwenye tumbo mwenyewe halijui.

Makala nimeifuta. Hii ndiyo itasimama mahali pake. Jina la Kwapani nalirudisha kwa aliyelibuni, yaani mimi; Gatera mwenyewe alishanikabidhi jana. Niliita wizi kitu ambacho kwa fundi kilikuwa sitara. Kwa bondia kilikuwa faida, akainyamazia mara moja, raundi moja, na sasa anailipa kwa mwili wake. Mimi ninalipa kwa aya chache. Naona nani kapata nafuu.

Lakini lipo linalonitesa zaidi ya aibu. Sudi ni mtu wa tumbo. Gatera ana umri sasa, na jana nilimwona akishika kiuno alipoinuka kwenye yale marobota. Angeweza kwenda na bukta yake ya siku zote, akamaliza bila doa, na hakuna ambaye angejua ila yeye. Badala yake atapanda Jumamosi na mstari mwekundu unaomwonyesha adui pa kupiga. Rangi nimechagua mimi. Nilitaka haki itendeke, na sasa inapotendeka, natamani mtu aicheleweshe kidogo.

Nilipokuwa nikiondoka, Mzee Yunusu alinifuata hadi mlangoni akiwa na suruali yangu ya zamani kwenye mfuko.

"Hutakuja Jumamosi?" nikamuuliza.

"Kutazama watu wakipigana nyuso? Hapana. Lakini unipigie simu likiisha. Nani ameshinda usiniambie, mtaa utanipigia kelele. Niambie kitu kimoja: uzi umeshika, au umefumuka?"

Nimeahidi. Nimepata kiti cha mstari wa pili, upande wa kona ya Gatera. Najua Sudi atalenga wapi. Najua nitakuwa nikiutazama mstari ule kuliko mtu yeyote ukumbini, na kila konde litakalotua juu yake litakuwa halali, na nitakuwa niko sahihi, kila mara.

Kisha nitatoka nje, nitabonyeza namba, na Mzee atapokea. Umeshika, nitamwambia.

Je, nitaweza kuishia hapo?