Mzee Bwanausi na Kanisa Linalotazama Kaskazini

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu Kwaresma ile tulipokusindikiza kutoka nyumbani Zinga hadi makaburi ya kanisa. Kiti chako cha barazani bado hakuna anayekikalia bila kukitazama kwanza. Tunakuandikia hapa ili na wengine wasome, lakini habari yenyewe ni yako. Lile ulilotaka kulijua, tumelijua.

Wasiokufahamu tuwaambie kwa ufupi. Wewe, Edmund Bwanausi, ulikuwa karani wa mashamba ya chumvi mpaka ulipostaafu, kisha ukawa mtunza kumbukumbu wa mtaa wetu wa Kianglikana, Mtakatifu Barnaba. Kazi hiyo hakuna aliyekufundisha. Ulijifunza mwenyewe kuyashona upya madaftari ya ubatizo na ya ndoa, ukayavalisha karatasi za kaki, ukayawekea majani ya mwarobaini kabatini ili wadudu wayaogope.

Watu walikujia kutoka mbali, wengine Miono huko, wakitafuta tarehe za kuzaliwa kwao au za wazazi wao. Uliwakalisha, ukawapa maji, ukafungua daftari taratibu. Ulipokuta mtoto ameandikiwa jina la mama peke yake, hukulisoma kwa sauti. Ulimgeuzia mwenyewe daftari asome, nawe ukatoka nje kutazama kama mvua inakuja, hata kiangazi.

Nyumbani tulikuzoea kwa swali moja: "Uliona, au uliambiwa?" Uliliuliza kwa kila jambo. Siku moja Mama alikwambia paka amekula samaki wa jioni, ukamuuliza hivyo hivyo. Mama akakujibu, "Niliambiwa na paka." Ulicheka, lakini ulikwenda jikoni kuangalia.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo madaftari yako yote hayakulitaja. Makanisa yetu ya zamani yalijengwa madhabahu ikiwa upande wa mashariki. La kwetu, lililojengwa miaka ya hamsini, madhabahu yake iko kaskazini. Kwa nini? Wengine walikwambia ni kwa sababu ya barabara. Wengine walisema padre wa zamani hakupenda jua la asubuhi machoni. Dada yako Mwanvita alishikilia kuwa ni upepo. Uliyaandika yote, na hukuyaamini.

Swali hilo lilikuwa la udadisi tu mpaka waumini walipozidi nafasi. Baraza la mtaa likaanza kujadili: tuongeze jengo, au tubomoe tuanze upya, tuelekee mashariki kama wenzetu? Hapo ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema ambaye hatuna haja ya kumtaja, akasema neno lililokukosesha raha. Alisema fundi aliyejenga alikuwa Mwislamu, na huku kwetu kaskazini ndiko kibla. "Walitugeuza makusudi," akasema, "na sisi tumekaa kimya miaka yote."

Fundi huyo alikuwa Mikdad, baba wa jirani yetu Mzee Masoud. Uliliomba baraza lisubiri, wakakukubalia.

Ulikuwa na utaratibu wako. Habari ya mtu mmoja uliiandika kwa penseli. Ilipothibitishwa na mtu wa pili, hasa aliyekosana na yule wa kwanza, ndipo ulipoiandika kwa wino. Ulisema watu wanaopatana huwa wameshayapanga maneno barazani. Masoud alikueleza aliyoyasikia kwa baba yake, nawe ukayaandika kwa penseli. Aliyebaki alikuwa dada yake, Bi Ashatu, anayeishi Mkange. Ndugu hao wawili hawajazungumza tangu walipogawana minazi ya urithi. Kwako wewe hao walikuwa mashahidi wazuri kupita wote.

Ulipanga kwenda Mkange njia ikikauka. Ukaugua. Siku zako za mwisho ulimwita mwanao mkubwa, Adila, ukamwambia, "Nenda wewe Mkange. Na usimwambie Ashatu Masoud kasema nini."

Adila alikuitikia kwa heshima, basi. Yeye anauza vifaa vya shule Bagamoyo mjini, na mambo ya kanisa kutazama huku au kule aliyaona ni mazungumzo ya wazee. Lakini baada ya mazishi alipopita kwa Mzee Masoud alimkuta amekaa ndani, mlango umeegeshwa. Maneno ya barazani yalikuwa yameshamfikia. "Bwanausi alikuwa anatutetea," akasema. "Sasa nani?" Na baraza lilikuwa limeshapanga siku ya kupiga kura. Adila akafunga duka, akaenda Mkange.

Alimkuta Bi Ashatu uani akichambua choroko kwenye ungo.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Bwanausi, wa Zinga."

"Yule Mkristo wa maswali?"

"Ndiye. Ametutoka, bibi. Wakati wa Kwaresma."

Bi Ashatu aliweka ungo chini. "Poleni, mwanangu. Mungu awape subira. Nilisikia anataka kuja, nikakaa na majibu yangu, naye hakufika." Akamvutia Adila kigoda. "Haya. Masoud kasemaje?"

"Hilo sikwambii."

"Mimi ni dada yake."

"Ndiyo maana. Nikikwambia, utasema kinyume chake."

Bi Ashatu alicheka mpaka ushungi ukamtoka kichwani. "Huyo baba yako alitujua," akasema.

Akaanza kusimulia, na Adila akamkatiza. "Uliona, au uliambiwa?" Alishtuka mwenyewe kusikia swali hilo likitoka kinywani mwake.

"Niliona. Nilikuwa binti mdogo, nawapelekea mafundi chakula. Katekista wenu wakati ule alikuwa Alban. Alichomeka vigingi, akafunga kamba, akasema msingi uchimbwe hapo. Kisha akaenda Miono kwenye Pasaka. Nyuma wakaja mbuzi, wakang'oa vigingi, na kamba wakaitafuna. Baba akavirudisha kama mkono wake ulivyozoea, kuelekea kibla. Maisha yake yote alijenga misikiti na nyumba za watu, kanisa hata siku moja. Hatukujua kama nanyi mna upande wenu."

"Mbuzi wa nani?" Adila aliuliza polepole.

"Wa nani tena? Wa Alban mwenyewe. Alikuwa hafungi mbuzi wake. Mihogo ya watu wote waliijua."

Baba, hapo Adila aliuma mdomo. Masoud alikuwa amekwambia hivyo hivyo, mbuzi wa katekista, na uliiandika kwa penseli ukaweka na alama ya kuuliza pembeni. Ndugu wawili wasiosalimiana, mmoja Zinga na mwingine Mkange, na mbuzi ni wale wale.

"Katekista aliporudi," Bi Ashatu akaendelea, "msingi ulishajaa mawe. Akasimama, akaonyesha jua linakotokea. Baba akatambua. Akamwambia, nitaufukua, sitaki ujira. Na masika ndiyo yanaanza. Alban akauzunguka msingi. Akawatazama mbuzi wake. Akasema, 'Acha, Fundi. Tutazoea.'"

"Mbona hakuandika popote?"

"Baba alimwomba asiandike. Aliogopa kuna siku mtu atasema amewageuza makusudi."

Adila angeweza kuishia hapo, ana alichokifuata. Lakini alimwambia: ndivyo inavyosemwa sasa, bibi, na kaka yako amejifungia ndani. Bi Ashatu aliurudisha ungo mapajani, akatoa kijiwe kimoja, akatoa cha pili.

"Basi isomeni kanisani," akasema. "Baba alinyamaziwa ili asisemwe, na anasemwa. Mwandikeni kwa jina lake."

Alimsindikiza Adila mpaka njiani. Walipoagana akauliza kama anauliza habari za mvua, "Masoud, miguu bado inamsumbua?"

"Bado."

"Apake mafuta ya habasoda. Usiseme nimetuma mimi."

Adila alipofikisha dawa hiyo bila kumtaja aliyeituma, Masoud alimtazama kwa muda. Kisha akauliza habasoda nzuri siku hizi inapatikana duka gani.

Tuliiandika kwa wino, Baba, kwa utaratibu wako: aliyeona ni Ashatu, aliyeambiwa ni Masoud. Ikasomwa kanisani baada ya Misa, siku ya kura. Mzee Masoud alikuja akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Wanawe walimkataza, hakusikia. Adila alisoma kwa sauti yake ndogo, na alipofika kwenye mbuzi watu walicheka. Alipofika kwenye "Tutazoea", hakuna aliyecheka.

Yule mzee wa kanisa alisimama. Mama alishika mkono wa Adila.

"Hao mbuzi walikuwa wangapi?" akauliza.

"Hatujui, mzee. Hakuna aliyehesabu."

"Basi iandikwe hivyo, kwamba haijulikani." Akabaki amesimama. "Na mimi niandikwe kwamba nilisema jambo ambalo sikuliona."

Hatukuliandika hilo. Tuliona wewe pia usingeliandika. Lakini alipotoka alikwenda kwa Masoud kabla ya mtu mwingine yeyote, wakapeana mikono, wakaulizana hali za nyumbani, na mazungumzo yao yakawa marefu kuliko ilivyo kawaida ya watu wa benchi la nyuma.

Kura zilisema jengo la zamani libaki, tuongeze kwa mbele. Kazi wamepewa mafundi wa hapa hapa, na msimamizi wao ni Ammar, mtoto wa Masoud. Siku ya kupima, Ammar alifunga kamba kwenye kona ya ukuta wa zamani, akawageukia wazee akiwa na ncha nyingine mkononi.

"Wazee wangu, semeni leo, kesho nisilaumiwe. Nielekee wapi?"

Walitazamana. Yule mzee aliyesema tuligeuzwa makusudi ndiye aliyetoka mbele, akaipokea kamba, akatembea nayo sambamba na ukuta kuelekea kaskazini mpaka ikanyooka.

"Fuata ukuta wa babu yako," akasema, akainama kuishikilia chini.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii asubuhi katika kanisa hilo hilo, na majirani wote wa dini zote wanakaribishwa nyumbani kwa chakula baada ya Misa. Bi Ashatu ametuma neno kwamba atakuja. Hakusema atafikia kwa nani.

Unakumbukwa na mkeo Tabia. Wanao Adila, Hilda na Alban, wajina wa yule katekista. Dada yako Mwanvita, ambaye bado anasema ni upepo. Wakwe na wajukuu zako wote. Waumini wa Mtakatifu Barnaba. Na jirani yako Masoud na watu wa nyumbani kwake.

Pumzika kwa amani, Baba. Siku zetu zote utakuwa nasi.