Fahali wa Ekeno Bado Anadai Maji

Ni mwaka mmoja sasa, Ekeno Nanok, tangu utuage hospitalini Lodwar, na nyumba yako ya Kakuma bado haijazoea kimya.

Ulikuwa mtu wa watu. Ulishona akala za matairi sokoni, ukawavisha wenyeji na wakimbizi bila kubagua. Kila mahali ulifika umechelewa, ukasalimu "Ejok", ukaketi kabla ya kukaribishwa, na sukari yetu ikawa mashakani. Tumekukosa mno, hata kwa hilo la sukari.

Na uliimba. Desturi yetu unaijua: mwanamume ana fahali wake mmoja wa kumwimbia, mikono ameiinua juu kama pembe. Wako alikuwa Lokwang, yule mweupe. Siku ulipoitwa kuwatumbuiza wageni waliokuja kusifu bomba la maji, bomba lililofungwa kufuli tangu lizinduliwe, ulimwimba Lokwang akililamba kufuli kwa kiu. Ayen, mteja wako wa kule kambini, akaitikia na kwaya yake nzima. Wageni wakaacha kupiga makofi.

Polisi walikukamata, na kituoni uliambiwa uimbe fahali mwingine ndipo uende nyumbani. Ukajibu, "Mimi niko na ng'ombe moja tu." Ukaimba na pingu mikononi. Kwa kuwa hukuweza kuinua mikono, watu waliojaa nje ya ua walikuinulia yao.

Mkeo Nakaale hakuinua. Alikuwa na watoto wa kulisha na mume korokoroni. Bomba lilifunguliwa wiki ile, nawe ukaachiliwa, lakini alikusihi tangu hapo uimbe za kanisani tu. Ulimpenda sana, ukacheka, ukaendelea na Lokwang. Tulipokuzika, alikataza wimbo ule usisikike tena uani kwake. Tulimtii, maana alikuwa amechoka kuogopa.

Mwezi uliopita kufuli lilirudi bombani. Ayen na vijana wa sokoni walimwendea Nakaale kuomba ruhusa, kwa kuwa wimbo wa fahali una mwenyewe, hauchukuliwi hivi hivi. Aliwamiminia chai kwanza. Kisha akasema, "Imbeni. Lakini pale kwa kufuli, musipunguze kitu."

Kwa hiyo ibada yako ya Jumamosi asubuhi itafanyika bombani, si kanisani. Mchungaji amekubali, ingawa alikuna kichwa kwanza. Nakaale atasimama mbele yetu sote. Ametuambia kwamba safari hii mikono yake itakuwa juu.

Unakumbukwa na mkeo Nakaale, wanao Lokiru na Namuria, dada yako Amuria wa Kalokol, Ayen na kwaya yake, na wengi ambao bado wanatembea na akala zako.

Pumzika, Ekeno. Daima tutakukumbuka, na fahali wako tutamnywesha sisi.