Waya Aliouchomoa Editha

Badriya, uko wapi? Nina hasira.

Leo kundi la kina Editha lilikuwa linafunga mwaka hapa Chamazi. Mwaka mzima wamezunguka na ule muziki wao wa kurekodi kelele za mashine za Manzese na kuzipiga kwenye spika. Bibi yake Editha kakaa mbele kabisa, na khanga mpya.

Si unajua bibi alikubali wamrekodi ngoma ya unyago? Ngoma tu. Maneno aliyoimba alikataa yatumike, yale mwanaume hatakiwi kuyasikia. Stephano, kiongozi wao, alimwapia kabisa: "Bibi, sauti yako naifuta."

Hakufuta. Kaifungulia spika zote, maneno ya mwali mbele ya wanaume ukumbi mzima. Bibi kajifunika uso na khanga.

Editha kaenda kachomoa waya wa spika. Akamgeukia Stephano: "Umemvua nguo bibi yangu."

Watu wakapiga makofi. Makofi, Badriya. Walidhani ndo muziki wenyewe.

Sasa hivi nyuma ya jukwaa Editha analia kwa hasira, Stephano anamwambia nini?

"Sista, pale kwenye waya pametisha. Jumamosi turudie vilevile. Na bibi umlete, akae palepale mbele."